Bi Nukta, Aliyekataa Kuomba Radhi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mlioketi viti vya mbele mkiwa na beji za chuo, familia inaomba utulivu, tuwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Bi Nukta, na jina likamganda hata nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao, akiwa kifungua mimba wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza shule mwaka 1968, na kwa kuwa alipenda vitabu kuliko sisi wadogo zake tulivyopenda usingizi, alifaulu kila mtihani hadi chuo kikuu, akahitimu mwaka 1985. Miaka miwili baadaye chuo hichohicho kilimwajiri kufundisha Kiingereza cha kitaaluma, yaani namna ya kuandika ripoti na tasnifu.

Tarehe 2 Desemba 1989 aliolewa na fundi mafriji, ambaye yupo hapa na hana nguvu za kusimama, wakajaliwa binti mmoja, muuguzi, na kijana mmoja aliyerithi bisibisi za baba yake. Hakuwa malaika, ulimi wake ulikuwa wembe, mpwa wake mwenyewe alimfelisha bila kupepesa macho, na mgeni aliyekuja kula kwake aliondoka ameshiba na amesahihishwa.

Turudi kazini, maana juzi mkuu wa idara yake alituma mjumbe kutuomba sehemu hii tuifupishe, nasi tumeirefusha.

Mkuu huyo alikuwa na utafiti wake, kwa nini watoto wa mtaa ulio nyuma ya chuo wanaacha shule, na wanafunzi wa Bi Nukta ndio waliohoji watu na kuandika ripoti. Dada yetu akashika msimamo kwamba anayechukua maneno ya watu akayaandika kwa lugha wasiyoijua, ana wajibu wa kuwarudishia kwa lugha wanayoijua, hivyo Juni 2014 akawapeleka wanafunzi kwenye ukumbi wa zahanati ya mtaa ule, wasome kwa Kiswahili walichoandika kwa Kiingereza. Msichana mmoja akafika kwenye sentensi iliyompatia alama za juu, ambayo kwa Kiingereza ilikuwa imevaa suti, lakini kwa Kiswahili ilisema tu kwamba wazazi wa hapa hawawajali watoto wao, akawatazama akina mama waliokaa mbele yake, akaifunika karatasi kwa kiganja.

Muuza mkaa mmoja akamwambia kwa upole, "Sema tu, mwanangu, si umeshaandika?"

Msichana alilia, na Bi Nukta, aliyetoa zile alama kwa mkono wake, aliinamisha kichwa, kisha akawaambia wanafunzi wake mbele ya wote, "Sentensi usiyoweza kuisoma mbele ya mwenyewe, usiiandike nyuma yake."

Wanafunzi wakarudi chuoni wakitaka sentensi ile ifutwe, mkuu akawaka, akamwita dada yetu ofisini, akamwambia, "Umeajiriwa kunyoosha sentensi, si kutunyoosha sisi." Kikaitishwa kikao, akatakiwa aombe radhi, akakataa, ikapigwa kura avuliwe madarasa, na mikono yote ikainuliwa, ukiwemo mkono uliozoea kuchota wali wa dada yetu kila Jumapili, na mwenye mkono huo yupo hapa, amevaa miwani ya jua ndani ya turubai. Akapewa chumba cha kuhifadhia viti vibovu, akakaa humo bila mwanafunzi hata mmoja hadi alipostaafu mwaka 2021, na ripoti ikachapishwa, sentensi ikiwa imo hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akawa akisafishwa damu, huku yule muuza mkaa na wenzake wakipokezana kumsindikiza, na kutoka idarani hakuja mtu hata kumpa pole, mpaka alipofariki dunia tarehe 9 Agosti 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani, akina mama wa mtaa ule, na wanafunzi wake wa zamani waliochimba kaburi hili. Wafanyakazi wenzake, adabu inatutaka tuwashukuru, basi shada lenu la maua tumelipokea. Mkuu wa idara ameomba dakika chache za kuzungumza, mume wa marehemu ametikisa kichwa kukataa, na familia haina cha kuongeza hapo.

Dada, umebishana vya kutosha, lala sasa kwa amani, ubishi uliobaki tutaumaliza sisi.