Picha Aliyoichagua Mwenyewe

Kabla sijasoma tarehe yoyote, naomba kila mmoja atazame jalada la ratiba aliyonayo mkononi. Huyo mwenye upara, anayecheka mpaka magego yanaonekana, ndiye dada yangu. Picha aliichagua mwenyewe. Na mpiga chapa hakuishiwa wino. Hiyo nafasi nyeupe aliitaka marehemu, ili jicho lisihangaike.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, kifungua mimba wa mama yetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Shuleni alikuwa wa katikati, ila aliwahi kuadhibiwa kwa kubandua matangazo yote ubaoni na kurudisha moja tu. "Yalikuwa yanapigiana kelele," alijitetea. Hakuomba radhi. Mama alipoitwa shuleni, naye hakuomba.

Mwaka 2002 aliajiriwa kwenye studio ya picha, akajifunza kompyuta wenzake wakiwa wamekwenda kula. Miaka kumi baadaye alikodi chumba juu ya duka la cherehani, akaanza kutengeneza matangazo ya mitandaoni: picha moja ya kweli, rangi mbili, maneno machache. Wateja walisema ana kiburi. Ni kweli alikuwa nacho, na wengi wao walirudi.

Mmoja wao ni seremala, ambaye leo ni shemeji yangu. Alileta tangazo lenye simba, nyota, namba tatu za simu na yeye mwenyewe ndani ya suti. Dada akamuuliza, "Fundi, unauza viti au unauza suti?" Shemeji akaondoka amenuna. Siku mbili baadaye dada akamfuata karakana, akamkuta bibi mzaa mama wa seremala amelala fofofo kwenye kiti kipya. Akapiga picha, akamwomba bibi ruhusa alipoamka, akaandika chini yake: "Keti kwanza." Wiki ile oda zilimiminika mpaka seremala akazima simu. Alikwenda kushukuru, akaketi, hakuondoka tena. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 2014.

Agosti 2022 dada aligundulika kuwa na saratani. Nywele zilipokatika, aliendelea kuweka sura yake kwenye ukurasa wa ofisi, bila wigi. Ndugu wakapiga simu: ajisitiri, atafukuza wateja. "Miaka yote nawaambia watu waonyeshe mali yao ilivyo," aliwajibu. "Leo mimi nijifiche kwa kosa gani?" Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, mumewe amemshika mkono. Inaniuma, na sitajikaza hapa kuwafurahisha watu.

Baba yetu mdogo, kwa nia njema, alikwisha kuandaa jalada lingine: picha ya zamani yenye nywele, mishumaa, mawingu na njiwa wanne. "Watu watasemaje, mwanangu?" aliniuliza jana.

"Waseme, baba. Tunayemzika ni huyu."

Shemeji akamalizia, "Mimi niliwahi kuweka simba kwenye tangazo la viti. Haturudii."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mama yetu, mimi mdogo wake, na baba mdogo, ambaye amesusa kuzungumza nami lakini amekuja, na jalada hilihili analo mkononi.

Msiikunje picha yake. Upumzike kwa amani, dada, bila njiwa hata mmoja.