Vipima Sita vya Zamu ya Pili

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu, wakuu wa idara mlioketi mbele, wenzetu wa zamu zote, na familia zetu mliosimama juani,

Sisi wafanyakazi wa Zamu ya Pili tunakukaribisha katika kiwanda chetu cha gesi. Karibu sana, na tafadhali usiupigie makofi tena ule wimbo unaotoka nyuma ya hema. Mshereheshaji amekwambia ni kwaya yetu. Hatuna kwaya. Tutaeleza mbele.

KIWANDA NA KAZI YAKE

Kiwanda kina miaka kumi na minne. Gesi asilia na mvuke wa maji huingia katika mabomba yaliyojaa kichocheo ndani ya tanuru, na hutoka gesi sanisi, yaani mchanganyiko wa hidrojeni na kaboni monoksaidi. Hewa ya ukaa iliyojipenyeza humo tunaiosha na kuirudisha tanuruni. Unyevu tunaukausha, kwa sababu ukibaki utaganda na kuziba njia. Kisha mchanganyiko unaingia kwenye mnara wa baridi, karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri, ambako kaboni monoksaidi inageuka kimiminika na kuachana na mwenzake. Hiyo ndiyo tunayoirudisha kuwa gesi na kuisukuma kwa kompresa, mashine ya kugandamiza gesi, hadi kiwanda jirani kinachotengeneza asidi ya siki.

Sisi tunaiita Bubu. Haina rangi, haina harufu, haina sauti. Ikivuja, mtu anaumwa kichwa, anachoka, anakaa chini apumzike kidogo, na asipowahiwa hainuki tena.

MAFANIKIO

Mwaka jana tanuru liliwaka siku mia tatu na kumi mfululizo. Kila likizimwa, kuliwasha upya kunakula siku mbili za gesi asilia bila kuuza chochote, na gesi hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya gharama zetu. Kwa hiyo tunalilea kama mtoto mchanga. Mengine yako kwenye bango, yameandikwa kwa rangi nzuri.

CHANGAMOTO

Zamu yetu ina watu kumi na wanane na vipima gesi sita. Kipima ni kile kijisanduku cha njano cha kubana kifuani. Kikimhisi Bubu, kinalia. Asiye nacho analindwa na wimbo. Kila dakika mbili, walio ndani ya nyumba ya kompresa huitana na kujibizana:

*Ndugu upo? Nipo mimi, ile koki nafungua,*
*Kichwa chako? Hakiumi, na macho yanatambua,*
*Ukikosa jibu, ndimi nijaye kukuchukua.*

Asiyejibu anavutwa nje. Tuliutunga wenyewe, tukajiona werevu.

Miezi minne iliyopita walikuja wageni wengine, na vipima vyote sita wakavaa wao. Ndani alikuwamo fundi mkuu wa kompresa, tunayemwita Babu, pamoja na dada wa pampu. Wakaitana kama kawaida, na Babu akajibu kila mara, vizuri kabisa. Kisha yule dada, kwa utani tu, akaacha wimbo na kumuuliza, "Babu, leo wake zako wamekupa chai?"

Babu akajibu, "Hakiumi."

Dada alitupa spana akakimbia. Alimkuta amekaa sakafuni, macho wazi, mdomo unaendelea kujibu. Miaka ya mazoea ilikuwa imeufundisha mdomo kazi, nao ukaifanya bila mwenyewe.

Babu yu hai. Ndiye aliyekufungulia geti asubuhi, akakuuliza jina mara tatu. Usidhani alikudharau.

Tangu siku hiyo hatuuamini wimbo wetu. Tumebaki nao kwa sababu hatuna kingine. Tumeandika barua saba. Mkuu wa vifaa alitujibu, "Vijana, kwani pua hamna?" Pua tunazo. Bubu hana harufu. Hilo liko ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mafunzo alichokisaini yeye.

Jibu la pili ni kwamba kiwanda hakina faida. Mgeni rasmi, ule moto juu ya mnara uliousifia kuwa unapendeza ni hidrojeni yetu. Tangu kiwanda cha mafuta ya kupikia kifungwe, haina mnunuzi. Tunawatenganisha ndugu wawili kwa gharama kubwa, mmoja tunamuuza, mwenzake tunamchoma hewani. Bomba la mita sitini lingemrudisha chini ya tanuru akawa kuni, na gesi ya kununua ingepungua. Mchoro uko kabatini, huu mwaka wa tatu. Moto unaowaka pale kwa siku mbili ungetosha kununua vipima vya zamu nzima.

MAOMBI

Tunaomba bomba lile lijengwe. Tunaomba kila anayeingia kazini awe na kipima chake. Risala hii ilirudishwa na ofisi mara tatu tupunguze maneno haya, tumepunguza salamu.

Ombi la mwisho halihitaji bajeti wala kikao. Ziara yako ndani ilikwisha nusu saa iliyopita, na hapa hemani hakuna gesi. Vipima vyote sita bado viko vifuani mwenu, wewe na wenzako watano. Wenzetu wanne wako nyumba ya kompresa sasa hivi, nao ndio wanaoimba. Dada wa pampu ni mmoja wao.

Tumeweka sinia mezani mbele yako. Tunaomba uanze wewe kuvua chako, wengine watafuata. Msomaji wa risala atakaa kimya hadi sinia lijae, kisha atalipeleka mwenyewe, kwa mbio.

Mungu akuzidishie pumzi, nasi atuachie hizi tulizo nazo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Zamu ya Pili,
kumi na wanane, pamoja na Babu wa getini.