Mti Mmoja Hadi Mdomoni mwa Mtutu: Gidi Woschitz Anatuaga

Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, Bwana Ägidius Woschitz, ambaye hapa Ferlach, mji wetu wa mafundi bunduki wa Austria, hata padri humwita Gidi tu, atavua aproni yake ya ngozi baada ya kuitumikia karakana ya bunduki ya Strugger kwa miaka arobaini na sita. Alipoingia mwaka 1977 alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Unene umekuja baadaye. Sauti haijapungua.

Sisi wengine tunafua vyuma na kuchonga nakshi. Gidi ndiye anayeivisha bunduki mti, yaani kuichongea kitako na mwili wake. Amevisha za kila aina, lakini jina lake limejengwa na ile fupi ya milimani, ambayo mti wake haukomei katikati bali unaufuata mtutu wote hadi mdomoni, na kuishia kwenye kifuniko kidogo cha chuma kama subana. Niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, juma langu la kwanza kama mchonga nakshi. Ilikuwa imelazwa juu ya blanketi la kijivu karibu na dirisha, na mwanga ulikuwa unaingia ndani ya mti kama unavyoingia ndani ya asali. Nilipitisha ukucha pale mti na chuma vilipokutana. Ukateleza bila kukwama popote. Nilitaka kusema neno la kitaalamu, nikajikuta nimeweka mikono nyuma kama mtu aliyeingia kanisani. Gidi aliniona, akafurahi waziwazi. Hajawahi kujifanya hapendi sifa.

Namna anavyofanya hatujaizoea mpaka leo. Huupaka mtutu masizi na mafuta, akaulaza kwenye mfereji aliouchonga ndani ya mti wa jozi, akaunyanyua tena. Palipobaki weusi ndipo mti unapogusa zaidi, na hapo patasi huondoa unyoya tu wa mti. Kisha anapaka tena, analaza tena, siku baada ya siku, mpaka weusi unaenea sawasawa kama kivuli. Mwisho husugua mafuta kwa kiganja kitupu. Mkewe Agathe hulalamika kwamba mume wake huacha alama za vidole hata kwenye siagi.

Patasi zake haziazimwi. Ijumaa mchana, wakati wa kula vifuko vya unga uliokandwa, vilivyojazwa jibini na mnanaa, hakuna anayeruhusiwa kuzungumzia kazi, isipokuwa yeye. Bunduki zenye mwili wa plastiki huziita ndoo zenye kifyatulio. Mteja mmoja aliposema kwamba plastiki haiozi, Gidi alimjibu kwa upole kwamba hata huzuni haiozi, na bado watu hawaitundiki ukutani.

Lakini siku niliyomstaajabia kuliko zote ni ya vuli ya mwaka 2004.

Mama Walburga Ogris wa bonde la Bodental alikuwa ameagiza bunduki ya namna hiyo kwa ajili ya mumewe, Florian, bwana misitu aliyekuwa mgonjwa wa moyo. Florian hakuweza tena kupanda mlima na bunduki nzito. Alihitaji iliyo fupi na nyepesi. Gidi alichagua kipande cha mti ambacho karakana nzima ilikuwa inakimezea mate, chenye michirizi myeusi iliyopanda kama moshi wa jikoni siku isiyo na upepo. Ilipokamilika, watu walikuja kutoka karakana za jirani ili waione tu. Hata washindani wetu walivua kofia.

Kisha mvua ikanyesha juma zima. Mwishoni Gidi huacha nafasi nyembamba sana kati ya mti na mtutu, na ana desturi ya kupitisha humo ukanda wa karatasi. Ukipita bila kukwama, basi mti hauusukumi mtutu. Asubuhi moja karatasi ilikwama karibu na mdomo, upande wa kushoto. Jua lilipotoka, ikapita. Mvua iliporudi, ikakwama tena. Mti ulikuwa unajikunja na hali ya hewa, na mti unaosukuma mtutu huipeleka risasi pasipokusudiwa.

Bosi wetu, Engelbert Strugger, naye ni fundi, na hakuwa na nia mbaya. Alimwambia apunguze kidogo upande ule, kwa kuwa siku ya kukabidhi ilikuwa imefika na mgonjwa alikuwa anasubiri. Gidi alisema ameshapunguza mara mbili. Strugger akamwambia apunguze ya tatu.

"Nitapunguza mpaka nibaki na njiti ya kibiriti, Engelbert. Mti huu bado unatembea."

Strugger alisema kwamba mti mzuri kama huo hatutaupata tena, na kwamba yeye ndiye anayeamua. Gidi hakubishana. Aliutenganisha na mtutu, akaubana kwenye jiliwa, akachukua msumeno na kuukata katikati, mbele yetu sote. Vipande viwili vikaanguka kwenye takataka za randa. Niliutazama uso wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Strugger alimwambia aende akamweleze mama wa watu yeye mwenyewe.

Nilimpeleka kwa gari langu. Mama Walburga alitukaribisha jikoni, akamimina kahawa, akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa kikombe chake.

"Bwana Woschitz, mume wangu hana misimu mingi. Unaelewa ulichofanya?"

"Naelewa, mama. Maisha yake yote hajawahi kumjeruhi mnyama akamwacha ateseke. Sitaki bunduki yangu ndiyo imfanyie hivyo mwishoni."

Mama yule alitazama dirishani, kisha akakata keki ya mdalasini na kumwekea kipande. Aliuliza swali moja tu: lini? Gidi alisema hajui, lakini kuanzia kesho hatagusa kazi nyingine.

Alitimiza. Safari hii alichagua mti uliokuwa umekauka rafuni tangu enzi za babake Strugger, ambao hakuna mteja aliyewahi kuutaka kwa sababu haukuwa na michirizi yoyote. Nyuzi zake zilinyooka kama nywele zilizochanwa. Ulipokamilika haukuwa wa kupigia kelele. Ulikuwa mtulivu, na kadiri ulivyoutazama ndivyo ulivyozidi kutotaka kuondoka. Tuliuweka nje kwenye theluji na karibu na jiko, na karatasi ikapita siku zote.

Florian aliipokea bunduki yake majira ya kuchipua. Mwezi Juni, asubuhi ya mvua, alimwangusha paa dume kwa risasi moja, na mnyama hakupiga hata hatua. Siku iliyofuata alikuja karakanani akijikongoja kwa fimbo. Kwetu mwindaji akiangusha mnyama hupewa kitawi cha msonobari akakichomeka kwenye kofia. Florian alikivunja kile chake vipande viwili, na nusu akaichomeka kwenye aproni ya Gidi, mtu ambaye hajawahi kuua hata sungura.

"Risasi ile ilikuwa yetu sote wawili," alisema.



Florian alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mama Walburga, ambaye alikuwa hajawahi kushika bunduki, alisoma, akafanya mtihani wa uwindaji, na tangu hapo anapanda nayo mwenyewe. Strugger naye aliukubali msumeno ule. Huwaambia wateja wote wenye haraka kwamba hapa mwenye uamuzi wa mwisho ni mti, na msemaji wake ni Gidi.

Mwezi Agosti, msimu wa mbuzi-mwitu wa milimani utakapofunguliwa, Mama Walburga atampandisha Gidi hadi kwenye miamba. Itakuwa mara yake ya kwanza kuiona bunduki aliyoivisha ikiwa milimani, ambako vazi lake lilikusudiwa kuvaliwa. Ameshanunua viatu, na ameshaanza kuvilalamikia.

Gidi, tunakushukuru kwa kila unyoya wa mti ulioondoa, na kwa mti ule mmoja ulioukata. Agathe, asante kwa kutuazima mume. Gidi, tunakutakia magoti yasiyogoma, asubuhi zisizo na ukungu na pumzi ya kutosha kuimba ukifika kileleni. Panda taratibu. Ukifika juu, mwombe mama akupe bunduki uibebe mwenyewe.