Nilifunga Maji Mgodini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa kinywa cha mtu kama mimi.

Kabla ya kuja Bujumbura nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, katika mgodi wa kasiteriti, mawe ya bati, kule Kivu, Kongo. Mashine yetu ya kutoboa mwamba ilikuwa na mpira wa maji wa kulaza vumbi. Lakini maji yalitulowesha, kazi ikaenda polepole, na mimi nilipenda sifa za kumaliza kwanza. Nikafunga maji. Vumbi jeupe likatujaa hadi kwenye nyusi. "Leo tumekuwa wazungu!" nikawachekesha watu. Jioni tulikunywa urwarwa, ile pombe ya ndizi, tukisema inaosha kifua. Ujinga, ndugu zangu! Pombe inashuka tumboni, vumbi linabaki kwenye mapafu.

Aliyeshika mashine ile ni Melkiori, ndugu wa mke wangu, niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe. Siku moja aliniomba: "Shemeji, fungula mayi. Kifua inaniuma." Nikamjibu kwamba mwanaume hauawi na vumbi.

Vita vya miaka ile baada ya uhuru vikatuleta sote, pamoja na wakwe zangu, hapa Bujumbura, mtaa wa Nyakabiga. Melkiori akaanza kukohoa, akakonda, hata kuvaa shati akawa anahema. Wakwe zangu wakakaa kikao, wakasema amepewa sumu. Na nani? Na mke wake, Anastazia! Wakamfukuza, akawa analala kwa majirani. Nami nilikuwa katika kikao kile, nikijua ukweli, nikaitikia pamoja nao. Nilinyamaza miezi minne!

Jumapili moja, hapa hapa kanisani, wakati wa toba, Roho akanikamata. Hata Amina ilinishinda. Nikatoka moja kwa moja hadi kwa wakwe, nikapiga magoti. "Si sumu. Ni mimi. Nilifunga maji." Baba mkwe akanitemea mate, na nilistahili. Siku ile ile Anastazia akarudishwa kwa mume wake.

Melkiori hakupona. Tulimwombea sana, hakupona. Alipata wiki tatu tu za kulishwa kwa mkono wa mke wake. Mimi aliniuliza neno moja: "Shemeji, juu ya nini ulikawia?"

Namshukuru Yesu, aliniondolea uongo na pombe. Majuto hakuyaondoa, wala simwombi ayaondoe. Ndugu yangu, kama kuna mtu anayebeba kosa lako leo, usingoje wimbo wa mwisho. Mtegemee Bwana, simama, nenda kwake angali anapumua.