Kabati la Noti Zisizonunua Kitu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, na ninyi wageni mliotoka Haydom na Yaeda Chini kwa vumbi lote lile. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Na wewe Mwalimu Theodory Sulle unayestaafu leo, pamoja na Mama Marieta uliyekaa hapo mbele na kitenge chako cha sikukuu, nawasalimu kwa namna ya pekee, maana ninyi wawili mmenivuruga kichwa tangu asubuhi.

Mimi Gidamis, mwenyekiti wa bodi ya shule hii na mfugaji, nimepewa mkasi nikate utepe wa kabati hili la kioo ambalo Mwalimu anatuachia hapa Dongobesh. Ndani mna noti za mfano za nchi za Afrika za wakati wa wakoloni: Afrika Mashariki ya Waingereza, Kongo ya Wabelgiji, Msumbiji ya Wareno, Somalia ya Waitaliano, na nyingine ambazo hata sijui nchi zake ziko upande gani. Mwalimu amenieleza kwamba zilichapwa ili watu wa benki waijue sura ya noti mpya kabla haijatoka. Namba zake ni sifuri tupu, zimetobolewa matundu, na hazijawahi kununua hata kibiriti. Ndugu zangu, jambo hili linanishinda. Kwetu hakuna ng'ombe wa mfano. Ng'ombe wangu wote nimewatoboa masikio, na maziwa wanatoa. Noti ikitobolewa imekufa, halafu msomi mzima anaitafuta miaka yote hii! Anatafuta nini?

Ngoja niseme nilichokiona kwa macho yangu, labda ninyi mliosoma mtanisaidia.

Mwaka ule wa ukame, kanisani ilifika Jumapili ya mavuno, na mavuno yenyewe hayakuwepo. Baada ya misa kukawa na mnada wa sadaka, kama mlivyozoea: kuku, mayai, maboga machache. Mimi si muumini wa pale, nilifuata jogoo. Katekista Xavery akanadi mpaka akafika chini ya kapu, akatoa noti kubwa ya zamani, imetobolewa. Ilikuwa sadaka ya Mama Marieta. Marehemu mume wake alikuwa mhudumu wa benki Arusha, na fedha za Mwingereza zilipoondolewa, wakubwa wake wakampa noti hiyo ya mfano awe nayo. Katekista aliigeuza, akaigeuza tena, akasema hii si fedha, haiwezi kuingia kwenye hesabu, na sadaka hairudishwi. Basi inadiwe kama kuku.

"Nani anaanza?"

Akauliza tena. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mama Marieta alisimama shingo imenyooka, na mimi roho iliniuma.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Nipeni mimi! Nazikusanya hizo!"

Alikuwa Mwalimu Theodory. Tuligeuka wote, maana alikuwa amemzika mke wake Irene muda mfupi nyuma, na tangu siku ile alikuwa akitoka darasani anajifungia ndani, salamu yenyewe haitoki. Akalipa bei ya mbuzi jike. Mama Marieta akamwuliza hapo hapo, "Unazo nyingine?"

"Ninazo nyingi sana, mama."

"Basi utanionyesha."

Hakuwa nayo hata moja! Njiani alinishika mkono: "Kaka Gidamis, nimesema uongo uwanjani kwa Mungu. Yule mama akijua nilimwonea huruma, atakufa kwa aibu. Nitafanyaje?" Nikamwambia, uongo wako uchunge, uulishe vizuri, utakua uwe kweli. Na kweli akauchunga. Aliwasumbua wageni wa ng'ambo wa pale hospitali ya Haydom, akaandika barua, baadaye akahangaika na simu. Noti ikifika, huyo juu ya baiskeli kwenda kwa Mama Marieta. Mama anavaa miwani, anachungulia kwenye matundu kwa jicho moja, anasema, "Nzuri. Inayofuata iko wapi?" Mwalimu alikuwa anarudi kwangu analalamika kwamba yule mama hatosheki.

Sasa sikilizeni. Leo asubuhi Mama Marieta ameniita kwake, akaniruhusu niseme mbele yenu maneno haya:

"Gidamis, mwambie Theodory apumzike sasa. Mimi nilijua tangu siku ile. Mtu mwenye noti nyingi angeishika ile yangu juu chini? Mwaka ule sikuwa hata na yai la kutoa, nikatoa ukumbusho wa mume wangu, na yeye akanifuta aibu. Lakini niliona pia kwamba ametoka ndani. Nikasema nikimwachia atarudi kujifungia. Ndiyo maana kila mara niliuliza inayofuata."

Mheshimiwa Diwani, wewe umesoma. Nani hapa alimdanganya nani? Nani alimsaidia nani? Mmoja anatafuta ili mama asiaibike, mama anadai ili huyo asipotee, na katikati nimekaa mimi, nimebeba siri ya huyu na sasa ya yule, naambiwa nikate utepe! Nina furaha, na nimekasirika pia. Mngeniambia mapema, Mama.

Mwalimu, usifute macho, hapa ni kwenu. Ila mbona tangu nianze kuongea unashika mfuko wa koti? Toa. Haya, ndugu zangu, mnaiona bahasha. Anasema imefika juzi, ni ya Angola ya Wareno, na alitaka kuipeleka jioni.

Mama Marieta, umesema apumzike. Hii airudishe ilikotoka?

Mmeona wenyewe. Mama anatafuta miwani yake.

Basi, Mkuu wa Shule, pokea mkasi wako. Utepe siukati, kwa sababu kabati halijajaa. Tutalifungua siku Mama mwenyewe atakaposema inatosha. Asanteni kwa kumvumilia mfugaji na kichwa chake kilichovurugika. Ninyi wa mstari wa mbele, sogezeni viti kidogo, mpisheni Mwalimu apite. Mama anasubiri.