Mama Asteria, Mnunuzi wa Shambani

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani, nanyi mlioacha majembe shambani asubuhi hii, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Mektilda Dominiko, ambaye mwenyewe hakupenda maneno mengi, labda awe anachagua nyanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Dominiko na mama Suzana, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1976 hadi 1982, na tarehe 7 Septemba 1991 akafunga ndoa na ndugu Sostenes, aliyemleta hapa Kagongwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asteria na Edward, na wajukuu watatu.

Mwaka 1995 alianza kuuza mboga sokoni, akinunua kwa madalali kama wenzake, mboga zimeshachemka kwenye magunia njiani, hadi mwaka 2004 alipochoka kuwauzia watu mchicha uliokwisha kufa, akapanda baiskeli akawafuata wakulima wenyewe kwenye bustani za bondeni, akavuna nao, na jioni hiyohiyo mboga zikawa sokoni. Baadaye alikodi gari na wenzake, zikawafikia mama lishe wa Katoro wanaowapikia wachimbaji, na wapo vijana wa machimboni walioijua nyanya ya Kagongwa kabla ya kuijua Kagongwa yenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake ambao wakulima mnaucheka mpaka leo, kwamba hanunui nyanya mpaka mwenye shamba achume moja, aifute kwa kiganja, aile mbele yake. Mwaka 2016 shemeji yake, mzee Herman, kaka mkubwa wa Sostenes, alishindwa kuila, kwa sababu dawa ya wadudu alikuwa ameipuliza jana yake, na marehemu akaliondoa gari tupu. Ndugu tukachachamaa kweli, tukamtaka Sostenes amkanye mke wake kwa kumvunjia heshima mkubwa wake, lakini Sostenes akajibu kwamba wachimbaji nao ni watoto wa watu, mjadala ukaishia hapo. Dawa ilipokwisha nguvu Mektilda akarudi, akampa mzee shikamoo yake kama kawaida, mzee akala nyanya mbili bila kuombwa, na mzigo ukapakiwa.

Mwezi Machi 2024 alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali Mwanza, ikagundulika ni saratani ya ini. Kilichomnyima usingizi zaidi ni wakulima, maana wengi walipanda wakimtegemea yeye, na nyanya ikishaiva haimsubiri mgonjwa apone. Ndipo Asteria akafunga cherehani yake huko Geita, akarudi nyumbani, akashika kazi ya mama yake.

Sasa hapa naomba tusikilizane. Yapo maneno yanayopita humu matangani, kwamba mama anakata roho binti yuko shambani anapakia nyanya, eti biashara imempendeza kuliko mzazi. Familia inasema hivi: asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, Asteria alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, amekataa kabisa kutoka, na sisi tuliokuwamo chumbani tulimsikia marehemu akimwambia, "Nenda, mwanangu. Watu wamelima. Mimi nina baba yako hapa." Akaenda analia, na saa nne mama akafariki, mkono wake ukiwa mikononi mwa Sostenes. Anayetaka kunong'ona, anong'one na hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Paroko kwa Mpako Mtakatifu, majirani mliochota maji na kupika usiku na mchana, mama lishe mliofunga vibanda Katoro mkaja kutulilia, na wafanyabiashara wenzake wa sokoni. Wakulima wetu, wabeja sana, asanteni sana, chakula chote cha msiba huu mmekileta ninyi, mkakataa hata kusikia habari ya malipo, na sisi hatuna cha kuwarudishia ila kuwaombea mvua.

Asteria, nyanyua uso, mwanetu, hukumwacha mama yako, ulimtii. Nawe Mektilda, dada yetu, mzigo wa Alhamisi ulifika Katoro siku ileile, ukiwa mbichi, watu wakala. Pumzika kwa amani.