Tuachieni Mshika Usukani Wetu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Chama cha Makasia. Mganga Mkuu wetu. Wakuu wa idara mlioacha ofisi zenu. Wenzetu wa zamu ya mchana ambao mashine zinawangoja. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Karibu nyuma ya hospitali, mahali ambapo wageni hawafikishwi. Kwa kawaida mgeni wa heshima huonyeshwa wodi zilizopakwa rangi juzi, akapewa soda, akaagwa. Wewe umepitishwa katikati ya kamba za mashuka, ukainama kila ilipobidi kuinama, na hukununa. Tumeliona hilo, na tumekupenda kabla hujaketi.

Tumeona pia ulichokuja nacho. Boti iliyolala pale kando ya gati ni nzuri kuliko tulivyothubutu kuomba. Tangu asubuhi kila anayepita anapata sababu ya kuigusa. Mzee wa boila, ambaye maji anayapendea chai tu, ameigusa kuliko sote. Tunasema asante sana. Habari ya boti hiyo ndiyo kiini cha risala hii, lakini mgeni habebeshwi mzigo kabla hajapumua, kwa hiyo tutaifikia.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafanyakazi wa chumba cha kufulia. Kila shuka analolalia mgonjwa katika hospitali hii limepita mikononi mwetu. Shuka kavu ni jepesi, lakini lililolowa ni kama mtoto mkubwa anayegoma kubebwa, na sisi tunawabeba watoto hao kutwa nzima. Migongo ilituuma mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuchoka. Akasema, “Nyinyi kazi yenu ni kuinama tu. Tafuteni kitu cha kuvuta.” Huenda alikuwa anatufukuza. Sisi tuliuchukua kuwa ushauri.

Nyuma ya boila palikuwa na boti kuukuu. Madaktari fulani waliianzishia klabu, wakahamishwa mmoja mmoja, ikabaki ikilea paka. Tukaiomba, tukapewa. Paka tulimtafutia makazi stoo, na hajatusamehe.

Kwa faida ya wasiofahamu: boti yetu ni ya wapigaji wanne na mshika usukani mmoja. Wapigaji huketi wakitazama nyuma, hawaoni waendako. Mshika usukani peke yake ndiye anayetazama mbele. Huketi mkiani, uso kwa uso na mpigaji wa kwanza, yule anayewawekea wenzake mwendo, na huiongoza boti kwa kamba za usukani na kwa mdomo wake.

Mpigaji wetu wa kwanza ni Bi Mkubwa, msimamizi wa meza ya kuchambulia nguo chafu. Nyuma yake ni fundi cherehani anayeziba mashuka yaliyochanika, kisha mwendesha mashine, kisha mimi mpiga pasi ninayewasomea. Kwa kiti cha usukani tulitaka mtu mwepesi, basi. Tukamchukua mkunja mashuka tunayemwita Kimya, ambaye ni mke wa kitinda mimba wa Bi Mkubwa.

Ndiyo, mgeni rasmi, umesikia vizuri. Tulimketisha mkaza mwana uso kwa uso na mama mkwe wake, kisha tukampa kazi ya kumwamuru. Wakati ule hatukuona tatizo. Tulikuwa tunaangalia mizani.

MAFUNZO YA DIRISHANI

Kozi za chama hufanyika makao makuu, ana kwa ana, na huchukua majuma kadhaa. Kimya ana mtoto anayenyonya na zamu isiyo na wa kuishika. Akatafuta, akapata mafunzo ya washika usukani yanayotolewa mtandaoni. Mwalimu ni mama mmoja wa nchi ya baridi, anayefundisha akiwa amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtandao wetu unashika vizuri dirishani tu, karibu na meza yangu ya pasi. Simu ikaegemezwa kwenye katoni ya sabuni, na darasa likafanyika hapo wakati wa mapumziko. Lugha ya mwalimu aliielewa Kimya peke yake, ikabidi atutafsirie. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuijua sauti yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurekodi amri na kuzituma. Majibu yaliporudi alitusomea huku ameinamisha kichwa: “Anasema sauti yangu inapiga hodi. Anasema kwenye boti hakuna hodi.”

Akarekodi upya. Mashine zilikuwa zinanguruma, akalazimika kupaza sauti. Kutoka meza ya kuchambulia tukasikia:

“Nani anagomba huko?”

“Ni mimi, mama.”

“Unamgombeza nani?”

“Wewe, mama. Ni kazi ya darasani.”

Fundi cherehani alijidunga sindano. Bi Mkubwa akaendelea kuchambua foronya kana kwamba hakusikia, kisha akasema, “Basi gomba vizuri. Hiyo haimtishi hata kifaranga.”

Sisi wapigaji tulifanya mazoezi ya nchi kavu kwenye mabenchi humo humo ndani, wawili upande wa mlango na wawili upande wa dirisha, tukivuta mipini ya mafagio. Tulikuwa hodari sana juu ya mabenchi. Siku ya kwanza majini Kimya akaita, “Kulia, vuta!” Sasa kulia kwake anayetazama mbele ni kushoto kwetu tunaotazama nyuma. Mwalimu alikuwa ameshatuonya, lakini somo la benchi huyeyuka majini. Kila mmoja alivuta kwa imani yake, na boti ikaingia kwenye matete mpaka ndege wakahama. Akaita tena, tukazama zaidi kwenye matete.

“Hayo ya kulia na kushoto waachie wenye magari,” akasema Bi Mkubwa, akijitoa majani kichwani. “Sema mlangoni! Sema dirishani!”

Akasema, “Mlango, vuta!” na boti ikatoka. Tangu siku hiyo boti yetu ina upande wa Mlango na upande wa Dirisha. Mwalimu alipoelezwa alicheka mpaka akavua koti, kisha akasema mshika usukani mzuri huwasemesha watu kwa neno ambalo mikono yao inalijua.

Kwa ufupi, alijifunza kunyoosha boti kwa kamba bila kuitikisa, kuusoma upepo juu ya maji, kusema maneno machache na kuyasema kwa wakati wake. Somo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilihusu uso wa mpigaji wa kwanza. Mwalimu alilirudia mpaka tukalichoka: uso huo ndio pekee unaouona karibu, utazame. Kwa Kimya hilo lilikuwa gumu kuliko upepo. Nyumbani hakuwa amewahi kumtazama mama mkwe wake machoni. Mitihani yote alifaulu, na cheti chake kimebandikwa juu ya pasi.

MAFANIKIO

Migongo imepona. Ruhusa za ugonjwa zimepungua, Mganga Mkuu ni shahidi. Tulishinda mbio za idara, ingawa jikoni wanadai kasia lao lilikuwa bovu.

Lakini mafanikio makubwa, mgeni rasmi, ni siku ile tuliposhindwa mbele yako.

Unaikumbuka. Ni mbio za mwaka za chama, na boti yetu kuukuu ilikuwa inaongoza. Tulijua kwa sababu wapinzani wote tulikuwa tunawaona, jambo tamu ambalo hatukulizoea. Mara Kimya akaita, “Acheni wote! Makasia juu ya maji!”

“Mbona unasimamisha?” akafoka Bi Mkubwa. “Tunaongoza!”

“Mama, weka kasia.”

“Siweki.”

“Mama. Weka.”

Hakupaza sauti. Bi Mkubwa akaweka kasia, boti zikatupita moja baada ya nyingine, na watu wakatuzomea kutoka ukingoni. Sisi watatu tulikuwa tunauona mgongo wake tu, na mgongo ule ulikuwa imara kama siku zote. Kimya ndiye aliyeiona midomo yake ikigeuka rangi. Tulipofika gati Bi Mkubwa hakuweza kusimama. Daktari wa moyo alituambia kwamba angevuta mpaka mwisho, tungeshinda mbio na kumzika mshindi.

Tulilia, mgeni rasmi. Mwendesha mashine, ambaye hatujawahi kumwona akilia, alilia kuliko wote.

CHANGAMOTO

Gati lina ubao uliooza, na turubai linavuja. Hayo tutayamaliza wenyewe.

Changamoto yetu ni taarifa ya mbio. Inasema kwamba mshika usukani asiye na mafunzo yanayotambulika alitaharuki, akasimamisha boti bila sababu. Aliyeiandika hatumlaumu. Alikuwa ukingoni na hakuona sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa usoni mwa Bi Mkubwa, na uso huo ulimwelekea mtu mmoja tu. Ila kutokana na taarifa hiyo chama kimeamua kwamba boti mpya itakuja pamoja na mshika usukani wa chama, na Kimya ashuke. Kijana aliyeteuliwa tumemwona leo, ni muungwana, na hana kosa lolote kwetu.

Kimya hakutuomba tuseme neno. Tangu uamuzi ufike amerudi kukunja mashuka akitazama chini, na sauti yake imeanza tena kupiga hodi. Hilo ndilo linalotuuma.

Bi Mkubwa sasa anatumia dawa. Daktari amemruhusu kurudi majini taratibu, kwa sharti kwamba aketi mbele ya mtu anayemjua akiwa mzima na anayemjua akiwa anaficha. Ameagiza maneno yake yasomwe kama alivyoyasema, na sisi hatuna ubavu wa kuyapunguza:

“Huyu binti alikuwa hanitazami. Nikadhani ni kiburi kimevaa adabu, nami nikamnunia miaka. Siku ile alinitazama mbele za watu, akanikataza. Wanangu wa kuwazaa hawajawahi kunikataza kitu, ndiyo maana nusura nife nikiwa na watoto watiifu. Huyo kijana wenu atanijua lini? Mimi nikiulizwa kama nimechoka huwa nasema sijachoka. Yeye ataamini.”

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Tunaomba chama kiyatambue mafunzo aliyoyapata Kimya. Kama mafunzo ya mtandaoni yana mashaka, tunaomba apimwe hapa hapa, leo, na mtu yeyote umtakaye, na kwa ukali wowote. Maji yapo, upepo wa mchana unakuja, na makasia tumeyaleta. Mpeni boti, mumwambie aizungushe mnara wa pampu ule pale majini na kuirudisha gatini. Akishindwa, tutanyamaza.

Lakini kama uamuzi umeshafungwa, na boti mpya haiwezi kuteremka majini bila Kimya kushuka, basi mgeni rasmi, tunakuomba kwa heshima zote uondoke nayo. Usione aibu, na usidhani tumekasirika. Ni nzito, lakini sisi tumezoea mashuka yaliyolowa. Tutaibeba wenyewe, Bi Mkubwa atasimama kando kwa amri ya mshika usukani wake, na tutakusaidia kuipandisha kwenye lori bila kuikwaruza. Kisha tutarudi kwenye boti yetu kuukuu.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe moyo mwepesi katika uamuzi huu, na akufikishe salama, lori likiwa tupu au limejaa.

Ni sisi, Wapiga Makasia wa Chumba cha Kufulia.